Gunia la Watu Watano

Nilikuwa nimelala kifudifudi, mdomo umejaa vumbi na maganda ya vitunguu, gunia limenikalia mgongoni kama ng'ombe aliyegoma kusimama, na miguu siisikii. Sauti ya kwanza kuisikia ilikuwa ya dalali.

"Limepasuka?"

"Halijapasuka," mtu akamjibu.

"Alhamdulillahi," akasema dalali.

Na mimi kule chini nikaona aibu kuwakatiza. Wakalitoa gunia kwanza, taratibu, wakalisimamisha, wakalipangusa vumbi. Dereva wa Fuso akatoa kichwa dirishani akauliza ni nani huyo amelala nyuma ya gari lake wakati watu wana safari. Ndipo mmoja akaniinamia akasema, "Kaka, inuka basi."

Nikamwambia, "Nimeshajaribu."

Ngoja nirudi nyuma, maana mtu akianzia hapo atasema ni ajali. Mimi nakataa. Jambo hili lina wenyewe, na nitawataja mmoja baada ya mwingine. Majina siandiki, mke wangu amenikataza. Lakini kazi zao naziandika, na soko zima la vitunguu hapa Singida mjini linawajua.

Nimemaliza darasa la saba kule Mungaa, shamba la baba likagawanywa mpaka likabaki la kufugia kuku, nikaja mjini kubeba magunia. Wakati naanza, gunia lilikuwa gunia. Linajazwa, mdomo unafungwa, unatwikwa, unakwenda. Unaweza hata kupiga mluzi. Tatizo ni kwamba pale sokoni kila kitu kinahesabiwa kwa gunia. Ushuru kwa gunia. Nauli ya gari kwa gunia. Kuli analipwa kwa gunia. Sasa wenye mali wakakaa wakafikiri: kama gunia ni moja, liwe la ukweli. Basi gunia likaanza kunenepa, na mgongo wa kuli ukabaki uleule aliozaliwa nao.

Wa kwanza kumtaja ni mshonaji. Ni fundi, hilo simnyimi. Ana shazia lake, sindano ndefu ya magunia, na kamba, anafuma wavu juu ya mdomo wa gunia, anaongeza vitunguu, anafuma tena, anaongeza tena. Kile kinachotokeza juu tunakiita kilemba, na gunia zima ndiyo lumbesa. Miaka ile kilemba kilikuwa cha kawaida, kama cha mwalimu wa madrasa. Siku hizi ni kilemba cha bwana harusi aliyeoa kwa mkopo. Nimemwona kwa macho yangu akisimama juu ya kreti la soda ili akifikie.

Wa pili ni mwenyekiti wetu wa makuli. Huyu ndiye aliyetuwekea sheria ya neno. Kwenye kundi letu kuna neno moja haliruhusiwi kutamkwa ukiwa na mzigo mgongoni, nalo ni "zito". Ukilisema, unawanunulia wenzako wote chai na chapati, na mpaka soko lifungwe unaitwa mama mjamzito. Mwenyekiti anasema mzigo una masikio, ukilitaja hilo neno unaongezeka. Yeye mwenyewe tangu apewe kiti hajabeba hata mfuko wa nailoni, sijui masikio ya mzigo aliyaona lini.

Kwa hiyo tulijifunza kusema mengine. "Hili lina ndugu zake ndani." "Huyu amekula daku." "Linanikumbatia." Ukisikia kuli anasema linanikumbatia, ujue anatafuta pa kuangukia. Wateja walidhani sisi ni watu wa furaha sana.

Siku yenyewe, tajiri wa mjini Dar alikuwa amempigia dalali simu. Dalali aliweka sauti kubwa, tukasikia wote. Tajiri akasema gari lina nafasi ndogo, anataka magunia machache yenye mali nyingi. "Nishehenezee, mdogo wangu," akasema. "Nishehenezee mpaka yacheke."

Yakashehenezwa. La mwisho lilikuwa kubwa kuliko mengine kwa sababu wajazaji walikuwa wanamalizia vitunguu vya chini, na hakuna aliyetaka kubaki na debe mkononi. Dalali akalipiga kofi la mahaba.

"Nani anamuoa huyu?"

"Mpe huyo kaka wa Mandewa," akasema mwenyekiti akininyooshea kidole. "Huyo hajawahi kukataa mke."

Watu wakacheka. Nikacheka na mimi. Ungekataa vipi pale, mbele ya wanaume wote, na mama ntilie naye ameacha kukoroga uji anatazama?

Wakaja watu watano kunitwika. Nasema watano, na wako hai, wakiulizwa watajibu. Mmoja wao, mwembamba, alipolinyanyua kidogo akaanza, "Jamani, hili mbona ni zi..."

"Maliza!" wakamdaka. "Maliza tunywe chai!"

"Ni zi... zuri," akasema.

Wakalipandisha, "haya, moja, mbili, huyooo," na wote watano wakaachia kwa pamoja na kurudi nyuma. Nikabaki nalo.

Mpaka kwenye gari kuna ubao wa kupandia. Nilipouanza nikasema, "Linanikumbatia." Wakacheka. Nilipofika katikati nikasema, "Linaniuliza habari za marehemu babu." Wakacheka zaidi, na dalali akapiga makofi. Hapo mgongo ukalia kach, kama mtu amevunja ukuni. Haki ya Mungu nilitaka kulisema lile neno. Mdomo ulifunguka. Kichwani nikawaona wenzangu wote wamekaa kwenye benchi la mama ntilie na chapati zangu mkononi, nikafunga mdomo. Kisha ubao ukaondoka, au miguu ndiyo iliondoka, na mengine nimeshayasema.

Nyumbani nilipelekwa na mkokoteni wa vitunguu, kwa sababu kwenye bodaboda sikuweza kukaa. Majirani pale Mandewa walipouona mkokoteni wakatoka na mabeseni wakidhani mke wangu ameletewa mali. Mmoja akauliza bei. Mke wangu akainua turubai, akanitazama.

"Baba watoto, leo umekuja kama mzigo?"

Nikasema, "Nishushe."

Hospitali walinipiga picha. Daktari, binti mdogo lakini mwenye heshima, alinipa shikamoo kabla ya kunipa habari mbaya. Pingili za mgongo zimesogea, zimebana mshipa unaokwenda mguuni. Akasema nisibebe kitu, nisiiname, nisikae muda mrefu, nisisimame muda mrefu.

Mke wangu akauliza, "Sasa mwanangu, hapo kimebaki nini?"

"Kulala, mama."

"Na kula," akasema mke wangu. "Hilo hujalikataza."

Mpaka leo mguu wa kushoto unakuja ukipenda. Msikitini naswali kwenye kiti, na wazee wananiambia nimepandishwa cheo. Mke ndiye anayechota maji na kulima bustani ya mchicha, mimi nafukuza kuku kwa mdomo. Kuku wa Singida si wajinga. Wameshajua kwamba siinuki.

Nilipoweza kutembea na fimbo, nilikwenda sokoni. Sikwenda kuomba. Nilitaka mtu mmoja tu aseme, "Lile gunia ni mimi." Basi. Maana kama hakuna aliyelifanya, kesho litafanywa tena.

Kila niliyemfikia alianza na "pole". Pole nimepewa nyingi mno, zingeshonwa kilemba.

Mshonaji akasema, "Pole sana, kaka. Mimi nashona kilichojazwa."

Wajazaji wakasema, "Pole, mzee. Sisi tunajaza anavyotaka dalali."

Dalali akasema, "Pole, ndugu yangu. Mali si yangu. Ongea na tajiri." Akampigia, akaweka sauti kubwa kama siku ile.

Tajiri naye akasema pole. Kisha akasema, "Lakini niulize kitu. Huyo ndugu si mtu mzima? Kama aliona ni zito, kwa nini hakusema?"

Nikamgeukia mwenyekiti. Yeye ndiye mwenye sheria, nikajua sasa atanitetea.

Akakohoa. "Ni kweli, bosi," akaiambia simu. "Sote tulikuwepo. Hakusema."

Mama ntilie peke yake ndiye aliyefoka. "Nyie si ndio mlimkataza?" Wakamwambia aangalie uji usiungue.

Nikaenda mpaka kwa afisa wa soko. Ofisini kwake kuna mizani kubwa ya kupimia magunia. Imefunikwa turubai, na kuku wa mtu ametaga chini yake. Nikamwuliza kwa nini magunia hayapimwi. Akasema kazi yake ni kuhesabu, na siku ile alihesabu vizuri sana. Nikamwuliza kama hajui kwamba sheria imeweka mwisho wa uzito wa gunia. Akasema anaijua, ila lumbesa ni mazoea ya hapa, na mazoea huwezi kuyakamata ukayapeleka kituoni. Akanipa pole na kiti. Kiti nilikikataa, daktari ameniambia nisikae.

Sasa nauliza kwa maandishi, kwa sababu kwa mdomo mmenizidi.

Afisa wa soko, ile mizani ilinunuliwa ili impime nani? Mwenyekiti, inuka kitini uwaambie makuli kwamba sheria ya neno umeifuta, tena uwaambie kwa nini. Mshonaji, wewe unajua pale mdomo wa gunia ulipo. Nani alikwambia uuvuke?

Na wewe tajiri, uliyesema lisheheni mpaka licheke. Kama watu watano walihitajika kulinyanyua, ulikubaliana na nani kwamba mmoja ndiye atalibeba? Si na mimi. Namba yako dalali alinipa. Nimekupigia, ikaita mpaka ikakata. Nimepiga tena leo asubuhi. Sitaki pole. Pokea simu unijibu hilo swali.