Muzee Alivyopanda Miti Yote Mwenyewe

Wakati wa vita, karibu miti yote ya Ngezi iliishia jikoni. Nje ya mji kulikuwa na wenye bunduki, na wanawake waliokwenda kutafuta kuni huko walikwenda wakiomba Mungu. Mlima wetu ukabaki uchi. Mvua ikachimba korongo nyuma ya parseli, kiwanja cha jirani yetu, muzee mnene aliyempa hifadhi mama mmoja aliyekimbia kutoka Bule na watoto wake.

Mimi nilijifundisha kuotesha miche kwa kitabu kilichokosa kurasa za mwisho. Nilinyoosha kamba kando ya korongo, nikapima, nikachomeka vijiti, nikaving'oa, nikapima tena. Hata usingizini nilinyoosha mistari. Kisha nikampa yule mama mche wa kwanza, akaupanda.

Jioni muzee alikuja kwetu akihema, akamwambia baba kwamba mgeni wake atatoka kesho. Kwetu mgeni hulima maharagwe, maana maharagwe huliwa yakaisha. Mti hauishi. Aliyepanda mti ametia mguu katika ardhi ya mwenyeji. Kila mtoto alijua hilo, isipokuwa mimi. Labda lilikuwa kwenye zile kurasa zilizokosekana.

Nilianza kulia kabla ya mwenye kufukuzwa. Yeye, aliyekuwa amemfuata muzee, alikwenda akaung'oa mche wake, akarudi kumwekea mkononi.

"Basi panda weye mwenyewe, muzee. Shimo si muti. Mimi nitachimba."

Muzee aliondoka na mche mkononi.

Kesho yake alipiga magoti mbele ya kila shimo, akiilaani mvua, mimi, na magoti yenyewe. Yule mama alichimba na kuchota maji bila kugusa jani. Wapita njia walimpa muzee pole, wakauliza ni mwalimu gani aliyempa adhabu. Miche ikasimama ovyo kama walevi. Mkono uliniwasha kunyoosha mmoja, mmoja tu.

"Gusa tuone," muzee akasema. "Kesho utaniambia parseli iko ya baba yako."

Nikaficha mikono mgongoni.

Miti ilipokua, korongo liliacha kula uwanja. Muzee alikubali kwamba matawi yanayokatwa ni ya yule mama, asiende tena porini kutafuta kuni, na habari ya kumtoa haikusikika tena. Ila harufu ya maharagwe ilipomfikia, alikuja na sahani yake.

"Moshi iko ya muti yangu," alisema, akikaa kabla ya kukaribishwa.

Yule mama alimpakulia, akangoja ashibe, kisha akamwonyesha mashimo mapya.