Mwalimu Florian na Neno la Mviringo

Mume wangu Florian alifundisha Kilatini katika shule ya misheni mpaka miaka ile ya ukata, hata sabuni tukiipangia foleni, shule ikaamua watoto wasome biashara. Akabaki na mwanafunzi mmoja, Marcelina, msichana wa Mugeta aliyekuja kusomea sebuleni kwetu Nyakato. Masista walikuwa tayari kumpokea shuleni kwao Januari. Florian hakuwa na tegemeo lingine duniani.

Ndipo tukasikia baba yake, Mzee Ryoba, amemwita nyumbani na kupokea ng'ombe wa mahari yake. Tukaenda Mugeta kumsihi awarudishe.

Tuliwakuta wanaume wameuzunguka mtungi wa pombe, kila mmoja na mrija wake. Mimi nikapelekwa jikoni kwa Marcelina, macho yamemvimba kwa kulia.

"Mama, Mwalimu atasema?"

"Atasema," nikamjibu.

Kutoka mlangoni nikamsikia Ryoba: "Mwalimu, hivi wewe ulikuwaga unafundisha nini?"

Basi ungemwona! Akachora duara mavumbini. Warumi wa kale, akasema, gurudumu waliliita rota, na kitu cha mviringo rotundus. Lugha zilizozaliwa na Kilatini zikarithi neno hilo: Mtaliano anasema rotondo, Mhispania redondo, Mfaransa kalitafuna limebaki rond.

"Ukoo mmoja huo," akasema, "kama ninyi mlivyokaa hapa."

Wakacheka kwa raha. Miaka mingi hakuna mtu mzima aliyemsikiliza hivyo, na uso ulimng'aa. Ryoba akamkabidhi mrija. Akanywa.

Kwa watu wale, anayekunywa pombe ya mahari ameishuhudia ndoa na kuikubali. Florian ni mtoto wa wafugaji wa kijiji cha Buswahili, mkoa huohuo, analijua hilo tangu utotoni. Raha ya kusikilizwa ilimpumbaza, na mimi nilitamani kumnasa kibao mbele za watu.

Alipozinduka aliushusha mrija. "Mzee, mimi nilikuja kwa habari ya shule ya binti."

"Mwalimu, si umeshakunywa?" Ryoba akamjibu kwa upole kabisa.

Florian akainamisha kichwa. Nami nikakata tamaa pale pale.

Marcelina alikuwa ameyasikia yote. Alifuta uso kwa kanga, akaipua sufuria ya maji ya moto yanayoongezwa mtungini, akatoka nayo, akapiga goti mbele ya mwalimu wake na kuyamimina mtungini, penye mrija wake, kama mwali aliyekwisha kuozwa.