Anza na Kitabu cha Tatu

Ukikaa kwenye kigoda cha Emilienne pale soko la Kashikishi, hakuulizi kwanza unataka kusukwa mtindo gani. Anakuwekea kitabu mapajani. Ni kijitabu cha katuni, kurasa ishirini za fotokopi, kimeshonwa kwa uzi mweusi uleule anaoshonea nywele za kubandika. "Soma," anasema, "mi naanza nyuma ya kichwa." Ukiuliza cha kwanza kiko wapi, anakukatalia. Mtu mpya anaanza na cha tatu.

Mimi naitwa Simone, nauza salaula, nguo za mitumba, meza ya pili kutoka kwake. Tulitoka wote Pweto, Kongo, tukavuka Zambia, tukakaa wote kwenye makazi ya wakimbizi ya Mantapala, tukahamia wote hapa Nchelenge. Najua vitabu vile vilianzia wapi, na najua kwa nini anawasukumia watu kwa nguvu vile. Upendo upo, lakini si huo uliomwanzisha.

Aliyevichora ni mdogo wake, Ambroise. Alifanya kazi kisiwani Chisenga, kwenye kambi ya wavuvi, akianika chisense, vile visamaki vidogo vya ziwa letu. Samaki wakishatandazwa juani hakuna kazi tena ila kufukuza ndege. Basi alikaa na fimbo mkono mmoja na kalamu mkono wa pili. Mfululizo aliuita *Ziwa Lilipoondoka*. Vitabu kumi na vinne.

Hadithi ni hii. Watu wameamka asubuhi moja, ziwa halipo. Mitumbwi imelala kwenye tope. Miaka thelathini baadaye dunia yote imekwisha vilevile: simu zimekufa, barabara imemezwa na majani, miji imebaki kuta. Msichana mmoja, Lukonde, anashuka kutembea juu ya sakafu ya ziwa kutafuta maji yalikokwenda. Anaongozana na mbuzi wa jicho moja anayeitwa Komanda. Huko chini wanakuta watu wanaoishi ndani ya mashua zilizopinduliwa, wanakuta kwaya inayoimba ndani ya kisima kikavu kwa sababu sauti inatulia vizuri mle. Kuna kuchekesha, kuna kutisha. Kuna kasoro: Ambroise hakuweza kuchora mikono. Kila mtu humo ameificha mfukoni, au nyuma ya mgongo, au ndani ya gunia.

Kasoro nyingine ni kitabu cha kwanza chenyewe. Ambroise aliogopa watu hawataelewa, akaeleza kila kitu, nani alizaa nani, ziwa lilikuwa na kina gani. Lukonde haanzi hata kutembea. Na hicho ndicho alichompelekea Kaoma.

Ba Kaoma, kama wanavyomwita kwa heshima, ana duka la madaftari na mashine ya fotokopi, na baraza pana mbele yake ambapo wasafiri wa Chienge husubiri gari. Ambroise alimpelekea karatasi zenyewe, zile alizochora kwa mkono wake, akamwomba atoe nakala na kuweka chache kwenye rafu. Emilienne na mimi tulikuwa pale barazani, tukingoja kusikia jibu.

Kaoma alifungua, akasoma kwa sauti, akiiga Kiswahili chetu cha Kongo na kukipinda ili watu wacheke. Na watu walicheka. "Mukimbizi anakuya kutufundisha kama ziwa yetu itaenda!" akasema. "Awe, hapana! Ilikimbia nani, ninyi?" Huku anaongea anajikuna sikio kwa ufunguo wa duka, ule anaouvaa shingoni kwa kamba. Kisha akampa karatasi mama wa vitumbua aliyekuwa pembeni yake. "Shika, za kufungia."

Ambroise alisubiri watu wanunue vitumbua, halafu akawafuata mmoja mmoja, akiomba karatasi. "Samahani, papa, ukimaliza kula, naomba ile karatasi." Alipata kumi na moja kati ya ishirini, zinang'aa mafuta. Nilimtazama Emilienne. Hakulia.

"Simone," aliniambia, "ule mutu, batu batamujua. Huku kando yote ya ziwa, batamujua."

Ambroise alirudi Chisenga akachora kama mtu mwenye homa. Alichora upya kurasa zilizopotea, akachora cha pili, cha tatu. Katika cha nne akaingia adui wa hadithi: Bwana Pampu, mwenye pampu ya mwisho duniani. Anavaa mkanda juu ya tumbo, ana ufunguo shingoni, na anapofikiria ubaya anajikuna nao sikio. Nakala alikwenda kuzitoa Mansa, mbali kote kule. Hakuna aliyevisoma. Mwaka ule wa mvua nyingi malaria ilimkamata kisiwani, wakamvusha kwa mtumbwi akiwa hajitambui. Tulimzika Jumanne. Alikuwa na miaka ishirini na sita.

Sanduku la vitabu likabaki kwa dada yake.

Mwanzoni Emilienne alikosea. Alikuwa anawaambia wateja, "Soma, ni ya mudogo yangu, alikufaka." Walisoma kwa huruma, wakafika ukurasa wa tano wa kitabu cha kwanza, wakamrudishia wakisema pole. Huruma ile ilimkasirisha kuliko kicheko cha Kaoma. Akaacha kumtaja marehemu. Akavisoma vyote tena, akivipekua kama anayetafuta chawa, akaona mlango ni cha tatu, pale Lukonde anapoamka ndani ya mashua iliyopinduliwa na kusikia mtu anagonga kutoka chini ya ardhi. Humo huhitaji kujua nani alizaa nani.

Akajifunza pia kumpimia mtu. Wanawake wa samaki aliwasimulia mitumbwi yenye magurudumu ya kitabu cha sita. Akina mama wa kanisa aliwaambia habari ya kwaya ya kisimani, akaikatiza katikati. Na nywele zikiisha, kitabu anakichukua. "Rudia kesho, utamaliza." Watu walirudi kusukwa nywele ambazo hazijafumuka.

Haikupita miezi mitatu, makonda wa magari ya Chienge wakaanza kumwita Kaoma Bwana Pampu. Yeye alidhani wanamsifia duka. Akawa anaitika, anapunga mkono. Emilienne akiona hivyo kutoka sokoni, uso unamlainika kama mtu aliyekunywa maji baridi. Nisikufiche, mimi pia nilifurahi.

Halafu akaja mke wa Kaoma, Mirriam, kusukwa kwa ajili ya harusi. Emilienne alijua ni nani. Alimpa cha tatu. Kesho yake cha nne. Mirriam alifika ukurasa wa saba, akatazama, akakisogeza karibu na macho.

"Ba Emilienne, huyu ni bwana yangu."

"Ni katuni tu, mama."

"Na sikio ni katuni?" Akacheka mpaka Emilienne akalazimika kuachia nywele. Kisha akauliza, "Alimufanya nini mwenye kuchora?"

Emilienne akamwambia yote. Mirriam akasikiliza bila kugeuka, halafu akasema, "Nipe ya tano."

Kaoma alikuja wiki iliyofuata, amevimba, mkanda juu ya tumbo vilevile. Soko zima liligeuka.

"Mama, unaniharibia jina!"

"Umesoma?" Emilienne akamuuliza.

"Nisome nini? Batu banasema—"

"Kama hujasoma hujui batu banasema nini. Ikala, kaa. Soma." Akamsukumia kigoda kwa mguu, akamwekea cha tatu.

Akakaa. Labda alitaka kutafuta tusi la kwenda nalo kwa chifu. Lakini aligeuza ukurasa, akageuza mwingine, na mteja aliyekuwa anasubiri zamu akasimama kwa saa nzima. Kaoma alirudi kesho yake, na kesho kutwa. Kila alipokutana na lile tumbo lake kwenye karatasi alikohoa, akaendelea. Alimaliza cha kumi na tatu siku ya Alhamisi. Kinaishia Lukonde na Komanda wamefika kwenye pampu, na Bwana Pampu ameshika ufunguo, na nyuma yake ardhi inaanza kutoa jasho.

"Ya kumi na nne," akasema.

"Hapana."

"Mama, tafazali."

"Kwanza utaenda kwa baraza yako, Samedi, wakati wa gari. Utasoma ile ya kwanza, yote, kwa sauti yako mwenyewe. Haiko sauti yetu. Ya kwako. Nyuma ya hapo tutaona."

Nilijua Kaoma atakataa. Hakukataa. Jumamosi alisimama pale pale, mbele ya wasafiri na mama yule yule wa vitumbua, akafungua kitabu. Watu walianza kucheka kabla hajasoma. "Bwana Pampu! Bwana Pampu!" Jasho lilimtiririka. Emilienne alisimama mbele kabisa, mikono kifuani, na kila kicheko niliona anakimeza kama chakula.

Lakini Kaoma ni msomaji wa Maandiko kanisani kwao. Anajua mahali pa kupumzika, mahali pa kushusha sauti. Kitabu kile kibovu cha nani alizaa nani, mdomoni mwake kikawa kama ukoo wa watu kweli. Kicheko kikaisha. Gari la Chienge likaja, likapiga honi, nusu ya abiria hawakupanda. Alipomaliza, mwanamke mmoja akauliza, "Na inaendelea wapi?"

Emilienne hakufurahi. Alikuja kumwona Kaoma akidhalilika. Badala yake alikuwa amemsikia akimsoma Ambroise vizuri kuliko mtu yeyote, miaka minne baada ya wakati uliofaa.

Kaoma akamfuata. "Nimesoma, mama. Sikujua kama alikufa."

"Hukuuliza."

"Nitatoa nakala, zote. Mashine iko. Nipe ile ya mwisho."

"Utatoa mpaka ya kumi na tatu," Emilienne akasema. "Ile ya mwisho hutaiona."

"Ulisema tutaona!"

"Nimeona."

Na ndivyo ilivyo mpaka leo. Kaoma anatoa nakala kwa mashine yake, tumbo lake ukurasa baada ya ukurasa, na wasafiri wanazibeba mpaka Chienge na Mofwe. Cha kumi na nne kinatolewa Mansa, na Emilienne anampa mtu akishaapa hatamsimulia Kaoma. Soko lote limeshika kiapo kile, wanakiona kama mchezo. Mirriam naye ameapa, na ana sababu zake.

Mimi nimekisoma. Ambroise alikichora wiki zake za mwisho, mistari imelegea. Maji yanarudi. Bwana Pampu amekaa chini, amezeeka, anaogopa watamuua. Lukonde anachota, anakunywa, anamnywesha mbuzi, kisha anampelekea kikombe. Ni ukurasa pekee katika vitabu vyote ambao Ambroise alichora mikono: wa msichana na wa mzee, kwenye kikombe kimoja. Vidole si sawa, lakini utavijua ni vidole.

Nilimwambia Emilienne, "Mupe. Mwenyewe alimusamehe."

Alikuwa anachana nywele za mtu, hakuinua kichwa.

"Ambroise alimusamehe, ni yake. Mi haiko Ambroise."

Halafu akamgeukia mteja, msichana mgeni kutoka Chienge, akauliza kama amewahi kusoma katuni.

"Hapana, mama."

"Basi shika hii. Usihangaike na ya kwanza."