Maharage Niliyoyafanyia Maziko Darasani

Mwalimu wetu wa baiolojia, madamu aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga na ambaye mpaka leo anafundisha amevaa masweta mawili kwa baridi ya huku milimani, alituagiza kila mmoja aje na maharage ya rangi tofauti. Alitaka tuone viumbe wanavyobadilika kizazi hadi kizazi, hali ya hewa ikibadilika.

Nyumbani, upande wa Magamba, tulikuwa na mekundu gunia zima, ya kuuza sokoni. Meusi na ya madoadoa yalikuwa kwenye kidumu chenye majivu, chini ya kitanda cha mama. Nikayamimina yote kwenye mfuko wa shule. Niliona kama nafanya usafi.

Sheria ilikuwa hivi: mwaka wa ukame, mekundu yanatolewa mezani mengi, yale mengine machache. Yanayobaki yanazaa, unaongeza ya rangi hiyohiyo. Mimi nilikuwa jua. Kila harage nililoliua nililifanyia ibada kwa sauti ya mchungaji wetu, na darasa likaitikia amina. Baada ya vizazi vichache meza ikawa karibu nyeusi yote. Madamu akafurahi.

Kisha akasema tufuatanishe ukame juu ya ukame. Meusi nayo yakaisha. Akachora ubaoni mstari wa idadi ya maharage, unaoshuka mpaka chini.

Mchana tukawachemsha marehemu kwenye jiko la shule, na chumvi. Walikuwa watamu kweli.

Msimu ule mvua ikakatika mapema. Mekundu yakakauka shambani yakiwa kwenye maua. Mama akainama chini ya kitanda, akatoa kidumu, akakitikisa.

"Mbegu zangu za mwaka mbaya ziko wapi?"

"Nilizipeleka shule, mama."

"Kazirudishe basi."

"Tulizila."

Hakunipiga. Afadhali angenipiga, kipigo nakijua, kina mwisho. Alijifunga kitenge akaenda Bungu kwa dada yake. Kesho yake akarudi mikono mitupu. Kule nako walishahamia mekundu zamani, maana ndiyo yanayonunuliwa.

Tukasimama ukingoni mwa shamba.

"Hayo ya darasani," akasema, "yalipoisha yote, mwalimu alisema inakuwaje?"

"Mstari ulifika chini."

"Halafu?"

"Halafu kipindi kikaisha."

Akaendelea kunitazama, akingoja niseme kwamba natania.