Farasi ya Komanda

Siku ya kwanza ya kazi, sikujua kama ni kazi. Nilikuwa nachunga ng'ombe za baba upande wa Kingi, kule juu Masisi. Kapita, yule mwenye kuongoza wapagazi, akafika akaniita.

"Weye unajua kuchunga nyama?"

"Ng'ombe najua, Papa Kapita."

"Njo ile ile. Kuja."

Haikuwa ile ile. Farasi tulikuwa tunazisikia mu katekisimu tu, zile za Farao zilizozama. Hii ilisimama mbele ya hema, haina pembe, kwato haikupasuka, inaniangalia kama mukwe aliyechelewa kupewa pombe. Mwenye farasi tulimuita Komanda, Mubelgiji aliyeacha uaskari. Alitoka kusini kabisa juu ya mugongo wa ile farasi, na alitaka kupita Masisi, ashuke Walikale, atokee Hombo. Juu ya nini? Hakuuza kitu, hakuhubiri, hakulipisha kodi. Hata leo sijui.

Ile asubuhi tu nikakimbilia kapita. "Papa, nyama iko mugonjwa. Imekula, lakini haicheui!"

Kwetu ng'ombe ikiacha kucheua, ni kusema kurudisha majani kinywani na kuyatafuna tena, unaita mwenye dawa mbio. Mimi nilikuwa nimekwisha kuponda majani. Kapita naye akaogopa, akamwambia Komanda. Komanda akacheka mpaka akakaa chini.

"Farasi haicheui! Iko muzima, mupumbavu weye!"

Wapagazi wote wakacheka. Mimi nikabaki najiuliza: sasa hayo majani yanaenda wapi?

Kazi nikaijifunza. Kupiga manyoya brosi asubuhi, kutoa mawe mu kwato na chuma ya ndoano, kufunga matandiko, kile kiti cha ngozi cha mugongoni, isikaze wala isilegee. Na usipite nyuma yake bila kusema neno, itakupiga teke. Mimi nilikuwa nasema "Yezu Maria". Ikazoea, mpaka tukipita karibu na kanisa watu wakisali, inageuza kichwa kama imeitwa.

Tukashuka Walikale. Nyasi zikaisha, miti tu. Farasi ikaacha kula, ikainamisha kichwa, ikasimama vile. Ni ugonjwa ao ni tabia yake? Ng'ombe ningejua. Lakini kwa huyu, kila alama niliyokuwa nayo ilikuwa imekwisha kuchekwa. Nikamwambia Komanda hata hivyo.

"Inachoka tu," akasema, lakini hakucheka. "Tunaendelea."

Muwindaji mumoja muzee akatokea, amefuata nyayo. "Tuliona nyama ya kidole kimoja, tukasema leo tutaona maajabu. Kumbe njo hii? Inakula nini?"

"Majani ya hapa, Papa."

"Ya hapa hata mbuzi inachagua! Muko munaua nyama, na kuikula hamuikule. Muirudishe kwenye nyasi, ao itakufa hapa."

Komanda akakaa juu ya muzizi. Kisha akatoa matandiko yeye mwenyewe, akanipa kamba. "Rudi nayo juu. Mimi nitaenda kwa miguu. Nitakuja kuichukua."

Nikapanda nayo mulima polepole. Ikianguka naiinua, ikisimama nasukuma. Siku ilipoinamisha kinywa mu nyasi za kwetu, nilikaa chini nikalia, na sijui kama ilikuwa furaha.

Kapita njo alirudi peke yake. Komanda alipanda kamyo, ile gari ya mizigo, pale Hombo, akaenda Bukavu.

"Alisema nini juu ya farasi?"

"Hakusema. Alikuwa analala mu kamyo."

Nikaendelea na kazi. Kila asubuhi brosi, kila asubuhi kwato, miaka mingi, hakuna wa kunituma wala wa kunikataza. Watu wakiuliza ni ya nani, najibu: "Ya kazi."

Ilikufa kwa uzee. Ng'ombe ikikufa kila mutu anajua kipande chake, cha mujomba, cha mukwe, cha muchungaji. Ya farasi hakuna aliyejua. Wazee wakaizunguka, kila mumoja anangoja mwengine aseme. Mwisho tukaizika pale malishoni, na mukatekista, yule mwenye kufundisha dini, akaitwa.

Nyinyi vijana munasema mutu anatoka kazini na karatasi, na shefu, mukubwa wa kazi, akimupa mukono. Mimi nilitoka siku ile, nimesimama kando ya shimo, sijui nimuage nani.

"Papa," mukatekista akaniuliza chini chini, "huyu alikuwa nani wako?"



"Alikuwa shefu," nikamujibu.

Akavua kofia, akaanza kuomba.