Sketi Zilizopungua Vidole Vitatu

Mama mdogo Fortunata amekata sketi za shule Kariakoo miaka kumi na moja. Mkasi ni wake mwenyewe, mafundi wengine hawathubutu hata kuugusa. Mwaka huu sketi zikaanza kurudishwa dukani. Zikifuliwa mara moja tu, zinapanda juu ya magoti.

"Fotu, mkasi wako una njaa?" fundi Zulekha akamrushia kutoka kwenye cherehani yake. Wenzake wakacheka. Mama mdogo hakucheka.

Jumamosi nilipompelekea chakula, nilimkuta bosi Heriel amemsimamia kichwani.

"Mwalimu mwenye oda anakuja saa nane. Utamwambia ulikosea vipimo. Ukikataa, kazi huna."

"Sijakosea, bosi."

"Kwa hiyo sketi zimejikata zenyewe?"

Akatoka. Mama mdogo akapima kipande cha kitambaa, akakichovya kwenye ndoo, akakipiga pasi mpaka kikakauka, akapima tena. Vidole vitatu vimepungua!

"Mbona zamani sketi hazikuwa zinapungua?" nikauliza.

"Zamani tulikuwa tunaloweka kitambaa kabla ya kukata. Tunaanika juu ya paa."

"Na sasa?"

Akanyoosha kidole darini. Tangu Desemba bosi alimpangisha mtu paa lote, likajaa marobota ya mitumba. Pa kuanika hakuna, kuloweka kukafa, na hakuna aliyefungua mdomo. Nikamtazama Zulekha. Akainama, akajifanya anatunga uzi.

Mwalimu Sitara alipofika, mama mdogo alimwonyesha kile kipande, ndoo, na ngazi ya kwenda juu. Mwalimu akapanda mwenyewe. Aliposhuka, alimtazama bosi.

"Nani amekuuliza habari za paa langu?" bosi akamfokea mama mdogo.

"Si uliuliza kama zimejikata zenyewe? Nimekujibu."

"Chukua mkasi wako. Toka!"

Akaufunga kwenye kanga, tukatoka. Hakuna fundi aliyetuaga.

Wiki mbili baadaye tulipita mtaa ule tukielekea Mnazi Mmoja. Marobota hayapo. Paa zima limeanikwa vitambaa vya bluu, vinadondosha maji mpaka barabarani. Tone likamwangukia mama mdogo begani, akalifuta kwa hasira.

"Hawajakupigia simu?" nikauliza.

"Wanipigie ya nini? Walichokuwa wanakihitaji kwangu, si nimeshawaachia?"