Filamu Aliyoiona Dada Yangu

Dada yangu aliiona ile filamu kwenye sinema moja ya Mahajanga, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Ilikuwa katuni ya watu wazima, habari za sayari ya mbali, na mimi nilikatazwa kuingia kwa kuwa nilikuwa bado mdogo. Wivu ulinikaba. Tulipofua nguo uani kwetu, katika mtaa wa Mangarivotra, nilimbembeleza anisimulie kwa Kingazija, lugha yetu ya nyumbani, naye alipenda kunirusha roho. Sehemu niliyoitaka kila mara ni ya bibi kizee aliyeushona mwezi uliopasuka kwa nywele zake mwenyewe.

Mwaka jana nilimtembelea kisiwani Nosy Be, alikoolewa. Mwanawe alikuwa ameipata filamu ile kwenye kompyuta, tukaketi kuitazama baada ya chakula cha mchana. Mwezi ulipopasuka nilisogea mbele. Vipande vikaanguka baharini, na filamu ikaisha.

"Na yule bibi?" nikamuuliza.

"Hakuwamo," akasema dada. "Ulikuwa unalia, unataka kujua nani atautengeneza mwezi. Ikabidi nikupe mtu."

Alisema hivyo kama jambo dogo tu. Wanangu wote nimewalea kwa hadithi ya bibi yule, na sijawahi kuwatungia hata moja ya kwangu. Kumbe miaka yote nilimwonea wivu kwa kuiona filamu, na filamu yenyewe haikuwa na kitu; kitu alikuwa nacho yeye. Alipouliza kama aniletee chai, nilimjibu kwa mkato kwamba sina kiu.